Tosamaganga: Mgeni Atarajie Kuulizwa

Magari yanayotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, Tunduma na Zambia hupita njiapanda ya Tosamaganga usiku na mchana. Malori hayapunguzi mwendo, mabasi hayasimami labda awepo wa kushuka, na watalii waliolala Iringa mjini huelekea upande mwingine alfajiri, kwenye barabara ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kilima chetu chenye kanisa, hospitali, shule na nyumba za matofali ya kuchoma kiko kama kilomita 15 tu kutoka mjini, lakini wanaokiona kwa mbali ni wengi kuliko wanaokikanyaga.

Nimezaliwa hapa. Baba yangu alikuwa fundi mwashi wa misheni, nami nilifundisha historia katika sekondari za mkoa wa Iringa hadi nilipostaafu. Siku hizi mgeni akifika akitaka habari za mahali hapa, vijana wa bodaboda humwambia, "Nenda kwa Mama Mwalimu." Wanakuja wachache: mwanafunzi wa chuo mwenye utafiti wake, daktari wa Kiitaliano siku yake ya mapumziko, familia ya Dar es Salaam iliyokuja kumwona mgonjwa ikabakiwa na saa mbili za kutembea. Karibu wote huniuliza jambo moja: tutarajie nini huku?

Huwajibu kwa historia, kwa sababu Uhehe, nchi yetu sisi Wahehe, imepokea wasafiri kutoka mbali kwa karibu miaka 150, na kila aliyefika alikutana na maswali yale yale. Wewe ni nani? Umetoka wapi? Umekuja kufanya nini? Walioyajibu walipita salama, na baadhi yao wakakaa wakawa watu wa hapa. Walioyapuuza waliacha makaburi, yao na yetu. Maswali hayo bado yako mlangoni, na msafiri anayetaka kutufahamu inafaa ajue yametoka wapi.

Wakati wa misafara

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora na Ujiji. Uhehe ilikuwa kusini ya njia hiyo. Waliopita kwetu walikuwa wale waliokwenda Usangu na nchi za Ziwa Nyasa kutafuta pembe za ndovu, na wengine watumwa. Wakati huo Munyigumba, mtwa, yaani mtawala, alikuwa ameziunganisha tawala ndogo ndogo za Wahehe kuwa dola moja yenye jeshi la kuogopwa. Alipofariki karibu na mwaka 1879 kulitokea ugomvi wa urithi, na mwanawe Mkwawa ndiye aliyeshika nchi.

Mkuu wa msafara aliyeijua kazi yake hakuingia katika nchi ya namna hii hivi hivi. Alipiga kambi nje, akatanguliza wajumbe wenye doti za vitambaa vya kaniki na merikani, shanga na nyaya za shaba. Wajumbe walitaja jina la mwenye msafara, mji aliotoka na njia aliyotaka kushika. Kisha wakasubiri, siku moja au siku kadhaa. Majibu yalirudi pamoja na kiasi cha hongo, ambayo siku hizo ilikuwa ada halali ya njia. Ikishalipwa, msafara ulipata kiongozi wa njia na ruhusa ya kuchota maji, na wanawake wa vijijini walifika kambini na unga, maharage na kuku wa kuuza. Msafiri aliyelipa alikuwa chini ya ulinzi wa mtwa, na aliyemgusa alikuwa amemgusa mtwa mwenyewe.

Mwaka 1879 alipita Joseph Thomson, Mskoti mwenye umri wa miaka 21. Alitoka pwani akiwa msaidizi tu, lakini kiongozi wa safari hiyo ya Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, Keith Johnston, alifariki Behobeho mwezi Juni, na kijana huyo akaachiwa msafara mzima wa watu wapatao 150. Bahati yake ni kwamba mnyapara wa wapagazi alikuwa Chuma, yule aliyekuwa miongoni mwa waliouleta mwili wa Livingstone pwani mwaka 1874. Chuma alijua lugha, alijua zawadi ipi inamfaa nani, na alijua kungoja. Thomson alivuka Uhehe, akafika Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, akarudi pwani mwaka 1880 bila kupigana na wenyeji popote. Vitabu humsifu Mskoti. Darasani kwangu sifa ya safari ile niliigawa, na fungu kubwa nilimpa Chuma.

Mwaka 1883 alipita Victor Giraud, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, naye akaandika kitabu juu ya maziwa ya Afrika. Watu hawa wawili walikuta nchi yenye mwenyewe, yenye taratibu zake za kupokea mgeni, na walizifuata. Miaka minane baada ya Giraud alikuja mtu wa namna nyingine.

Aliyekuja bila kubisha

Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimpa jina la Nyundo, alikuwa kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki. Mwaka 1891 alipanda kuja Uhehe na askari zaidi ya 300, wapagazi, mizinga na bunduki za Maxim, akichoma makazi ya watu njiani. Masimulizi ya wazee wetu yanasema Mkwawa alituma wajumbe kumuuliza anataka nini, na wajumbe hao wakapigwa risasi kabla hawajasema neno. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti, Lugalo, karibu na Ilula ya leo, Wahehe chini ya Mpangile, ndugu yake Mkwawa, waliuvamia msafara huo kutoka vichakani ukiwa katika mstari mrefu njiani. Mapigano yalikwisha kwa muda mfupi. Zelewski alikufa pamoja na Wajerumani wengine tisa na askari zaidi ya 200, na bunduki zao zikachukuliwa. Wahehe nao walipoteza mashujaa wengi. Mnara upo pale Lugalo, kando ya barabara kuu ya Morogoro, na mabasi huupita kila siku.

Wajerumani walirudi mwaka 1894 wakiongozwa na gavana wao, Friedrich von Schele. Safari hii shabaha ilikuwa Kalenga, makao makuu ya Mkwawa kando ya Mto Ruaha Mdogo, ambayo alikuwa ameyazungushia ukuta wa mawe. Kutoka kilima chetu unaiona Kalenga chini bondeni, na masimulizi yanasema mizinga iliyoipiga ilipangwa hapa hapa, mahali ambapo sasa ipo misheni. Tarehe 30 Oktoba ngome iliangushwa. Mkwawa alitoroka, akaendesha vita vya msituni kwa karibu miaka minne, akifichwa na kulishwa na watu wake. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa Mlambalasi, alijipiga risasi. Wajerumani waliomkuta walimkata kichwa na kukichukua.

Nawaeleza wageni mambo haya kabla hawajapiga picha ya kwanza. Mtu anayefika Tosamaganga atavutiwa na utulivu, miti mirefu, hewa baridi na kengele za kanisa. Ni haki yake kuvifurahia. Lakini asimame pia ukingoni mwa kilima, aitazame Kalenga, ajue kwamba mandhari ile nzuri ndiyo iliyowafaa wapiga mizinga.

Waliokuja kujenga

Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, kutoka Ujerumani, walianzisha misheni ya Tosamaganga mwaka 1897. Tuihesabu miaka vizuri: Mkwawa alikuwa bado hai porini. Kapteni Tom von Prince alikuwa amekwisha kujenga kituo kipya cha kijeshi juu ya uwanda ule ambao leo ni mji wa Iringa, na mkewe Magdalene, aliyeishi naye hapo tangu 1896, aliandika kitabu juu ya maisha yao humo. Mapadre waliingia chini ya kivuli cha bunduki hizo. Sisi Wakatoliki wa Tosamaganga lazima tuliseme hili wazi, kwa sababu imani tunayoipenda haipungui kwa kusemwa ukweli wa namna ilivyofika. Ruhusa ya kukaa hapa waliipata kwa mtawala Mjerumani. Ruhusa ya watu ilibidi waitafute baadaye, kwa miaka mingi, kwa kujifunza Kihehe, kufundisha watoto na kuuguza wagonjwa.

Vita ya Kwanza ya Dunia iliwaondoa. Majeshi ya Waingereza yaliingia Iringa mwezi Agosti 1916, na wamisionari wa Kijerumani hawakuruhusiwa kuendelea. Mwaka 1919 walifika Waitaliano, Wamisionari wa Konsolata, shirika lililoanzishwa Torino mwaka 1901 na padre Giuseppe Allamano na ambalo lilikuwa likifanya kazi Kenya tangu 1902. Allamano mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Alitangazwa mtakatifu Oktoba 2024, na siku ile kengele za parokia nyingi za Iringa zililia. Watu wake waliifanya Tosamaganga makao yao. Iringa ikawa eneo la kanisa linalojitegemea mwaka 1922 na jimbo kamili mwaka 1953, na kwa miaka mingi mambo ya Wakatoliki wa mkoa huu yaliamuliwa kilimani hapa kabla makao hayajahamia mjini.

Waitaliano walijenga sana, lakini wajenzi walikuwa watu wetu. Ukuta wa matofali ya Tosamaganga una kazi ya mikono mingi, na baba yangu alinionyesha kazi hiyo tangu nikiwa mdogo. Udongo ulichimbwa bondeni, ukamwagiwa maji, ukakanyagwa kwa miguu hadi uwe laini usio na punje. Mfyatuaji aliloweka kibao chake, akanyunyiza mchanga ndani ili udongo usigande, akaujaza kwa nguvu pembe kwanza na katikati baadaye, akasawazisha juu, kisha akageuza na kuinua kwa mara moja. Akisitasita, tofali lilipinda. Matofali yalifunikwa kwa nyasi yakauke polepole, maana jua la Agosti likiyapiga yakiwa mabichi yanapasuka. Yalipokauka yalipangwa kuwa tanuru lenye matundu ya kuni chini, likakandikwa udongo nje, na moto ukawaka mfululizo, usiku zamu ya huyu, mchana zamu ya yule. Tofali lililoiva vizuri baba aliligonga kwa kifundo cha kidole, na lilitoa mlio mkali. Lililotoa mlio mzito alilitenga kwa kazi ya kuta za ndani.

Majina ya mapadre waliosimamia kazi hiyo yamechongwa makaburini, kwenye safu zenye misalaba. Majina ya wafyatuaji hayajachongwa popote. Nikimtembeza mgeni humpeleka makaburini kwanza, kisha ukutani, na kumwomba aweke kiganja juu ya tofali. Mengine bado yana alama za vidole vya aliyeyafyatua.

Barabara zilizotupita

Mtu huniuliza kwa nini mahali penye historia kubwa hivi hapajulikani. Sababu moja ni njia za usafiri. Reli ya Kati ilipita kaskazini, Dodoma. Miaka ya 1930 Reli ya Tanganyika iliendesha magari ya abiria na mizigo kutoka Dodoma kupitia Iringa hadi Mbeya, na hiyo ndiyo njia waliyoitumia walowezi, maofisa na mapadre kwa miaka mingi. Ndege za Imperial Airways zilizoanza safari za kwenda hadi Cape Town mwaka 1932 zilitua Dodoma na Mbeya. Sisi tulisikia mngurumo juu.

Hata wageni waliokuja kwa wingi hawakuja kutembea. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia walipokewa Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamepelekwa uhamishoni Urusi na kupitia Uajemi kabla ya kufikishwa Afrika Mashariki. Kambi moja ilikuwa Ifunda, kusini-magharibi mwa Iringa, nyingine Kidugala upande wa Njombe. Walikaa miaka, wakafungua shule na kanisa, wakaondoka vita ilipokwisha. Bibi yangu aliwakumbuka watoto wao walivyoogopa fisi usiku na walivyopenda mahindi ya kuchoma. Kuhusu wao sikusikia neno baya. Kila mtu aliwaelewa, kwa sababu walipoulizwa wamekuja kufanya nini walikuwa na jibu ambalo Mhehe analifahamu: wamefukuzwa kwao kwa vita.

Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kwenda baharini. Malori ya mafuta yakaanza kupita Iringa kwenda kusini kwa barabara ya vumbi na matope, na mengi yaliishia makorongoni. Ndipo ikajengwa barabara ya lami hadi Zambia, na baadaye reli ya TAZARA iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860. Reli hiyo nayo ilipita Mlimba na Makambako, ikatuacha pembeni. Kwa hiyo Iringa ina reli mbili, moja kaskazini na moja kusini, na hakuna hata moja inayofika. Barabara ya lami ilileta magari maelfu, yote yakiwa na haraka ya kufika kwingine.

Safari ya kichwa cha Mkwawa

Ipo safari moja ambayo ninataka kila mgeni ninayempokea aijue kabla hajalala. Kichwa cha Mkwawa kilipochukuliwa mwaka 1898 kilipelekwa mbali na watu wake. Madai ya kukirudisha yalikuwa mazito kiasi kwamba Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga Vita ya Kwanza ya Dunia, ulikitaja katika kifungu cha 246 na kuitaka Ujerumani ikikabidhi katika muda wa miezi sita. Haikufanya hivyo. Ilipita miaka 35. Gavana Mwingereza, Edward Twining, alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen lililokuwa na mafuvu mengi yaliyochukuliwa Afrika, na fuvu lililochaguliwa lilirudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Lilipokewa na mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baada ya uhuru aliliongoza Bunge letu akiwa Spika kwa miaka mingi.

Leo fuvu hilo lipo katika makumbusho madogo ya Kalenga, ndani ya kabati la kioo. Magari ya kwenda Ruaha hupita jirani kabisa. Ninaumia nikiyaona yakipita, kwa sababu wasafiri wale wametoka nchi za mbali, wengine Ujerumani, na wako dakika tano kutoka mahali ambapo wangeweza kusimama mbele ya mtu aliyewauliza babu zao wamekuja kufanya nini. Makumbusho yana mwongozaji, kiingilio si kikubwa, na saa moja inatosha.

Ukija sasa

Ukitoka Iringa mjini panda gari dogo la abiria au bodaboda. Njoo na sweta, hasa Juni na Julai, maana asubuhi huku pumzi inaonekana mdomoni. Kati ya Desemba na Aprili ni mvua, na njia za vijijini zinateleza. Viatu vya mjini vitakuadhibu. Fika asubuhi, usije saa kumi jioni ukitegemea kuona yote.

Salamu yetu ni kamwene, na huwa haina haraka. Utaulizwa habari za ulikotoka, za safari, za nyumbani, za watoto. Mzee akikuuliza wewe ni mtoto wa nani, usidhani anakupeleleza. Anatafuta pa kukuweka. Ukimpa jibu fupi la mjini, ataishia hapo na wewe utaishia hapo. Ukimweleza kwamba bibi yako alitoka Njombe au kwamba baba yako alikuwa dereva wa malori ya Zambia, atavuta kigoda na mazungumzo yataanza. Nimewaona vijana wa Kitanzania wakimaliza kijiji kizima kwa dakika ishirini na simu mkononi, na nimemwona mama mmoja kutoka Kigoma akikaribishwa chakula katika nyumba tatu kwa sababu alijua kusalimia.

Ukitaka kulala au kuona ndani ya majengo ya misheni, pita kwanza ofisi ya parokia. Ukitaka kwenda vijijini kuuliza historia, pita kwa mtendaji wa kijiji na umwambie nia yako; atakupa mtu wa kwenda naye. Hospitali ya Tosamaganga inahudumia wagonjwa wa wilaya nzima, na madaktari wa shirika la CUAMM la Padova wamefanya kazi hapa pamoja na wa kwetu kwa miaka mingi. Waliolala mle hawakuja kuonyeshwa kwa mtu, kwa hiyo kamera ibaki mfukoni. Ukifika Jumapili, ingia misani hata kama si Mkatoliki, ukae hadi mwisho. Kwaya zetu haziimbi kwa mkato.

Chakula utakachopewa ni ugali wa mahindi, maharage, majani ya maboga, na kama umekaribishwa kweli, kuku wa kienyeji. Wakati wa mvua kuna ulanzi, pombe ya mwanzi ambayo nyanda hizi zinajulikana kwayo. Mgemaji hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, akafunga chini yake chombo cha kipande cha mwanzi mkavu, na asubuhi na jioni hurudi kulikata upya kipande chembamba kama karatasi ili maji yaendelee kudondoka. Ulanzi wa siku hiyo, mtogwa, ni mtamu na hata watoto huonja. Ukilala huwa mkangafu, na huo unataka heshima. Ukipewa, pokea kwa mikono miwili.

Ukibakiwa na siku, nenda Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa kwenye barabara ile ile ya Mbeya. Katika korongo lile yaligunduliwa mwaka 1951 mawe yaliyochongwa na watu wa kale sana, na mwaka 1957 na 1958 F. Clark Howell na wenzake walifanya uchimbaji mkubwa. Mashoka ya mkono yamelala chini kama yalivyoachwa. Shika moja, ulirudishe mahali pake.

Wapo wanaotaka Tosamaganga iwe na hoteli kubwa na mabango barabarani. Sipingi kipato, vijana wetu wanakihitaji, na mwongozaji wa kijijini anayelipwa vizuri ataijali historia kuliko asiyelipwa. Ninachoomba ni kwamba utalii ukija, uje kwa mlango ambao Chuma alipitia. Shule zetu za Iringa zianze kwa kuwaleta wanafunzi wao wenyewe, kwa siku nzima, wakiwa na daftari, wawaulize wazee waliobaki majina ya waliofyatua matofali na kuyaandika. Mtoto wa Ilula aliyewahi kusimama Lugalo, Kalenga na Tosamaganga atawapokea wageni kwa kujiamini, maana atakuwa na la kuwaeleza. Na wewe msomaji unayepita njiapanda yetu kila mwisho wa mwaka ukienda kwenu Mbeya au Rungwe, shuka mara moja. Tutakuuliza wewe ni nani na umekuja kufanya nini. Njoo na jibu, na upange kulala.